Lisiwaguse

Mwaka 2011 nilipanga chumba Manyatta, Kisumu, kwenye ploti ya milango sita na mwembe mmoja. Chini ya mwembe huo, kila Jumapili baada ya kanisa, tulipigana vita vya vifuniko vya soda.

Vifuniko ndio waliokuwa askari. Mchezo wenyewe unaitwa Warhammer 40,000, unatoka Nottingham, Uingereza, na askari wake halisi ni sanamu ndogo za plastiki, ambazo wakati huo nyingi zilikuwa na vitako vya duara vya milimita 25. Nilifundishwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekaa jirani na shule niliyokuwa nafanya kibarua cha maabara. Alipokaribia kurudi kwao aliniazima kitabu chake cha kanuni, toleo la tano, la 2008, lenye jalada gumu na uzito wa tofali. Jioni nne nilikaa nacho, nikiyahamisha yaliyo muhimu kwenye daftari la kurasa 96. Nilihamisha kwa Kiswahili, kwa sababu mimi ni mtu wa Kakamega, mpinzani wangu mkuu, tuliyemwita Wuod Alego, yaani mwana wa Alego, alitoka Alego kule Siaya, na wa tatu alikuwa kijana wa Lamu aliyeuza viatu soko la Kibuye. Kisha mwalimu akaondoka na kitabu chake.

Tangu siku hiyo sheria ikawa daftari langu.

Kifaa tulichokionea fahari zaidi kilikuwa duara la bomu. Kwenye mchezo ule, silaha kubwa haichagui mtu mmoja. Unachukua duara la plastiki angavu lenye upana wa inchi 5 na tundu katikati, unaweka tundu juu ya adui unayemwona, na kila ambaye kitako chake kimefunikwa, hata kwa ukingo tu, amepigwa. Letu tulilikata kutoka picha ya eksirei ya goti la mwenye ploti. Ukililaza mezani uliona vifuniko vya Fanta na Krest vikichungulia katikati ya mfupa. Ubishi wa kawaida ulikuwa wa macho: aliyekaa kushoto anaona kifuniko kimeguswa, wa kulia anaona kimepona, kwa sababu duara limeinuliwa juu kidogo na kila mtu analitazama kwa upande wake. Huo tuliumaliza kwa kanuni kwamba anayehukumu asimame na kutazama wima.

Mwenye ploti ndiye aliyekuwa akisimama. Tulimwita Jaduong', yaani mzee kwa Dholuo, lugha ya Waluo. Alikuwa amestaafu ukalimani wa mahakama, miaka mingi akisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, Kiingereza huku, Kiswahili na Dholuo kule. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba maofisa wa Prussia, waliocheza vita vya mezani tangu miaka ya 1820, nao walikuwa na mwamuzi wa kukaa kando ya meza. Sisi tulimpata wetu pamoja na kodi.

Jumapili ninayoikumbuka, mvua ilikuwa imesimama na matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mwembe. Nilikuwa na kifaru kimoja, kiberiti kilichochomekwa kalamu ya Bic. Mbele yake, vifuniko kumi vya Wuod Alego vilikuwa wazi kabisa, vimekaa kama sahani ya njugu. Kando yake, inchi nane hivi, kikosi changu mwenyewe kilikuwa kimejibanza nyuma ya kipande cha sabuni ya mche.

Niliweka duara. Nikarusha kete tatu: mbili za kawaida na moja ya mshale, kipande cha mti chenye mishale pande nne na alama ya kulenga pande mbili. Ikitoka alama, bomu limetua ulipotaka. Ukitoka mshale, bomu limepeperuka kuelekea huko, kwa inchi zilizo kwenye zile kete mbili, ukitoa ustadi wa mpigaji. Wapigaji wangu walikuwa na ustadi wa 3.

Ukatoka mshale. Kete zikasema 6 na 5.

Kumi na moja toa tatu, nane. Kijana wa Lamu alipima kwa utepe wa fundi cherehani, akalisogeza goti la Jaduong' taratibu juu ya meza, likaja likatulia juu ya sabuni. Vifuniko saba vyangu vilikuwa chini yake. Kwa bomu la nguvu ile, kila mmoja anarushiwa kete, na ikitoka 2 au zaidi amekufa, hana ngao ya kumwokoa.

"Toa watu wako, omera," yaani ndugu yangu, Wuod Alego akasema, meno yote nje.

Nikafungua daftari. Sijui kwa nini nililifungua. Nadhani mkono ulijua kilichoandikwa kabla yangu. Ukurasa wa 41, kwa wino mweusi: *Duara lisiwaguse watu wako.*

"Daftari linasema lisiwaguse," nikasema. "Kwa hiyo bomu hili limepotea. Limeanguka ziwani."

"Lakini limewagusa! Tazama!"

"Ndiyo maana ni batili."

Walipiga kelele wote wawili hadi jirani akazima redio asikilize. Jaduong' alinyoosha mkono apewe daftari, akavaa miwani.

"Lisiwaguse," alirudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Sawa. Lisiwaguse lini?"

Hakuna aliyejibu.

"Likiwekwa, au likitua?"

Hapo ndipo tumbo liliponikata. Umbo lile la kitenzi halina jana wala kesho. Linakataza tu, na kukuachia wewe utafute wakati. Kiingereza cha kitabu hakikuwa hivyo. Kilisema usiliweke duara mahali ambapo limefunika kitako cha mtu wako. Katazo lilikuwa la mkono. Likishapeperuka mkono haumo tena, na mistari michache mbele kitabu kilieleza wazi kwamba likitua juu ya wenzako, au nyuma ya ukuta usiouona, waliomo wamepigwa, ni bahati ya vita. Mistari hiyo niliiruka. Ilikuwa jioni ya nne, stima zilikuwa zimepotea, na koroboi ilikuwa inakoroma kwa kukosa mafuta.

Nilikumbuka yote hayo palepale, nikiwa nimeshika kalamu ya Bic.

"Wewe ndiye uliyeandika, kijana wangu," Jaduong' akasema. "Kitabu kilisemaje?"

"Kilisema hivyohivyo, Jaduong'. Nilitafsiri neno kwa neno."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda ambao sikuupenda. Kijana wa Lamu akapendekeza turushe kete kuamua. Na kweli kitabu chenyewe kinashauri hivyo, wachezaji wakishindwa kabisa kuelewana warushe kete na mchezo uendelee. Jaduong' akakataa. Kesi, alisema, haiamuliwi kwa kamari Jumapili.

"Mahakamani, mtu akileta mkataba wenye neno la njia mbili," alisema, "shaka humwangukia aliyeuandika. Ndiye aliyekuwa na kalamu. Toa watu wako."

Nikarusha kete saba. Walikufa sita. Wa saba, kifuniko cha Krest kilichopinda, alibaki amesimama peke yake nyuma ya sabuni hadi mchezo ukaisha, nikiwa nimeshindwa vibaya.

Usiku ule nilichukua daftari nikaongeza maneno matatu pembeni mwa ule mstari: *wakati wa kuliweka*. Wino mweusi ulikuwa umekwisha, nikatumia wa bluu. Toleo la nane, la 2017, lilikuja kuyaondoa maduara yote pamoja na kete ya mshale, ukawa unahesabu tu bomu lina mapigo mangapi. Naelewa kwa nini, ingawa kwangu mchezo ulipungua ladha.

Jumapili iliyofuata Wuod Alego alifika mapema, kabla meza haijatolewa. Alilichukua daftari, akaenda moja kwa moja ukurasa wa 41. Akapitisha kidole juu ya ile bluu.

"Kumbe," akasema.

Nilingoja matusi. Hakutukana. Alivuta kigoda, akaketi chini ya mwembe, akarudi ukurasa wa kwanza kabisa.

"Sasa hii hapa," akasema, "'askari asikimbie akiwa karibu na adui.' Karibu kiasi gani? Kitabu kilisemaje, omera? Neno kwa neno."

Siku ile hatukucheza. Hadi giza linaingia tulikuwa tumefika ukurasa wa 17.