Kikosi Kimoja cha Mifupa, Matoleo Matano ya Sheria

Mchezaji wa vita vya mezani hununua vitu viwili ambavyo umri wake haulingani: sanamu ndogo, ambayo ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi, na kitabu cha sheria, ambacho kwa kawaida hupitwa na wakati baada ya miaka michache. Nilianza kukusanya jeshi la Tomb Kings, wafalme wa makaburini katika mchezo wa Warhammer unaotolewa na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, pale kitabu chao kilipotoka mwaka 2002. Tangu hapo jeshi hilohilo limepita chini ya matoleo matano ya sheria. Msimamo wangu ni kwamba sanamu zitangulie na sheria zifuate, na nitaueleza kwa kukifuata kikosi kimoja tu, kile cha askari wa mifupa wenye mikuki na ngao.

Toleo la sita la Warhammer, lililotoka mwaka 2000, lilihesabu safu kuwa kamili ilipokuwa na askari wanne, na faida iliyotokana na safu za nyuma wakati wa kuamua mshindi wa pambano haikuzidi pointi tatu. Kwa hiyo askari 16, wanne kwa wanne, walikuwa kikosi kilichokamilika, na wengi wetu tulinunua na kupaka rangi kwa kiasi hicho hasa. Toleo la saba la mwaka 2006 lilidai askari watano katika kila safu. Kikosi kilichokuwa kamili kikawa na upungufu wa askari wanne, ingawa hakuna hata mmoja aliyevunjika. Kisha likaja toleo la nane mwaka 2010, ambalo liliruhusu safu ya pili kupigana na kukipa kikosi chenye upana wa askari kumi haki ya kupigana kwa safu ya ziada. Mwaka uliofuata kitabu kipya cha Tomb Kings kikashusha bei ya askari wa mifupa katika pointi zinazotumika kuundia jeshi, na vikosi vya askari 40 au zaidi vikawa jambo la kawaida mezani.

Ni rahisi kuona mfululizo huo kama mbinu ya kuuza masanduku zaidi, na siwezi kusema kwamba biashara haimo ndani yake, maana kampuni inayotengeneza sanamu ndiyo inayoandika sheria. Lakini kikosi cha askari 40 wa mifupa kina sura ambayo kikosi cha 16 hakikuwa nayo kamwe. Wafu wanaofufuliwa kwa uchawi ili wamtumikie mfalme wao wanapaswa kuonekana wengi, na nilipoongeza safu za nyuma niliridhika kwamba nilikuwa nakamilisha kitu ambacho kingestahili kuwepo hata sheria zisingebadilika.

Pigo lililotikisa wengi lilikuja mwaka 2015, wakati mchezo wa vikosi vilivyopangwa kwa safu ulipositishwa na nafasi yake kuchukuliwa na Age of Sigmar. Sheria zake za mwanzo zilikuwa kurasa nne tu. Askari hawakuhitaji tena kusimama kwa mistari, ubavu wa kikosi haukuwa na maana yoyote, na umbali ulipimwa kutoka kwenye sanamu yenyewe, si kwenye kitako chake, yaani kibao kidogo inachosimamia. Karatasi za sheria za majeshi ya zamani zilitolewa bure, kwa hiyo Tomb Kings waliweza kuchezwa, lakini haukupita muda mrefu sanamu zao zikaondolewa sokoni. Wapo waliokata vitako vya mraba na kubandika vya duara, na wapo waliouza kila kitu. Wengine walihamia Kings of War ya kampuni ya Mantic, mchezo ulioandikwa na Alessio Cavatore, ambaye awali alikuwa ameshughulikia toleo la saba la Warhammer. Huko kikosi huondolewa kizima badala ya askari mmoja mmoja, na kikosi cha kawaida cha askari 20 huchukua eneo la milimita 100 kwa 80, yaani watano kwa wanne juu ya vitako vya milimita 20. Vikosi vya toleo la saba viliingia humo bila kuguswa, na mimi naona huo ulikuwa msaada mkubwa sana kwa wenye majeshi yaliyoachwa njiani.

Januari 2024 safu zilirudi kupitia The Old World, mchezo mwingine wa Games Workshop, na Tomb Kings walikuwa miongoni mwa majeshi mawili ya kwanza kutolewa, pamoja na Bretonnia. Sanamu nyingi ni zilezile za zamani, zimerudi katika masanduku mapya. Kilichobadilika ni kitako: askari wa mifupa aliyesimama juu ya milimita 20 sasa anatakiwa kusimama juu ya milimita 25. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uipige hesabu. Askari watano wenye vitako vya zamani wana upana wa milimita 100, wa vitako vipya wana 125, na upana ndio unaoamua ni maadui wangapi wanaweza kukifikia kikosi chako na kama kitapenya kati ya msitu na kilima. Mpinzani ana haki ya kudai vipimo vilivyo sawa.

Hapa ndipo ninapowashauri watu wasiharakishe kung'oa sanamu kwenye vitako. Zipo trei za kusogezea vikosi zilizochongwa mashimo ya milimita 20 yaliyoachana kwa kiasi kwamba kikosi kizima hupata upana unaotakiwa. Sanamu hukaa humo na kitako chake cha awali, na siku ukitaka kurudi kwenye toleo la nane au Kings of War, unaitoa tu. Kung'oa mfupa mwembamba wa plastiki ulioshikwa na gundi inayoyeyusha plastiki kunavunja vifundo vya miguu, na rangi uliyoipaka miaka mingi iliyopita si rahisi kuirudishia.

Rangi ndiyo inayounganisha jeshi kuliko kitu kingine chochote, na nayo haikusalimika. Mwaka 2012 rangi za Citadel, zinazouzwa na Games Workshop, zilipangwa upya na kupewa majina mapya. Bleached Bone, niliyoitumia kwa mifupa yote ya mwanzo, ikatoweka, na iliyo karibu nayo zaidi ni Ushabti Bone. Ukizitazama kwa karibu, hazilingani sawasawa. Nilichofanya ni kuwachanganya askari wa zamani na wapya katika kila safu, kisha kuwapitishia wote rangi nyepesi ya maji ya kahawia na kumalizia kwa brashi kavu, na sasa kikosi kinasomeka kama kundi moja lililochomwa na jua lilelile la jangwani.

Wanaocheza vita vya kale vya historia wana utaratibu ninaoutamani. Katika DBA (De Bellis Antiquitatis), sheria za Phil Barker zilizotoka mwaka 1990, jeshi ni vipande 12 tu, kila kimoja kikiwa kitako kimoja, na upana wa kitako wa milimita 60 kwa sanamu za milimita 25 umeheshimiwa na sheria nyingi zilizofuata. Jeshi la Waroma lililobandikwa wakati huo bado linakubalika leo.

Kwa upande wangu, mikuki na ngao wamekwisha kupata trei zao. Waliobaki ni wapanda farasi, ambao vitako vyao vimetoka milimita 25 kwa 50 hadi 30 kwa 60. Farasi wa mifupa ana miguu minne myembamba, kwa hiyo hao nitawabandika na vitako vyao vya zamani juu ya vipya, na kuziba ukingo kwa mchanga uleule nilioutumia kwa jeshi zima.