Chai ya Washenga

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipasua njiti za kiberiti. Alishika njiti moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akauweka wembe katikati ya baruti, akabonyeza taratibu, na njiti ikaachana pande mbili, kila nusu na uwezo wake wa kuwaka. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, kwa sababu kisu humega, na makombo ni hasara. Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba shida za miaka ya themanini ndizo zilizotufundisha kubana matumizi. Wengine labda. Bibi alikuwa hivyo tangu enzi za Mwingereza, na shida zilipokuja zilimkuta kazini.

Na zilikuja kwelikweli. Vita vya Kagera viliisha 1979, Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Kufika 1983 miezi hiyo ilikuwa imepita zaidi ya mara mbili, na Bibi alikuwa na kauli yake: "Miezi ya Mwalimu haina hilali." Kwetu Ngamiani, Tanga, sukari ilikuwa ya mgawo. Balozi wa nyumba kumi aliandika majina, na ikisikika tu kwamba gari limeshusha mzigo duka la ushirika, foleni ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, mawe yakiwa yamepangwa kuwashikia wenyewe nafasi. Unga ulikuwa ule wa njano, unga wa Yanga, ambao mjomba wangu, mwana Simba wa kutupwa, aliula huku amekunja uso. Mwaka huohuo Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na wenye bidhaa za kificho wakawa wanazitupa majalalani usiku. Kuonekana na sukari nyingi mkononi ilikuwa kesi.

Ndipo washenga wa dada yangu wakaja kutoka Muheza.

Taarifa ilifika asubuhi, wageni wanatarajiwa baada ya alasiri: wazee wanne na mama mmoja mwenye mwili. Nyumbani kulikuwa na nusu glasi ya sukari, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa juu kuzuia sisimizi. Mama alitaka kukimbilia kwa jirani. Bibi akamshika upindo wa kanga. "Ukaazime, halafu kesho mtaa mzima ujue mwanao kaposwa kwa chai ya kukopa?" Kisha akanigeukia. "Mume wangu, lete mkaa."

Kwanza akanituma muhogo, akaukaanga na kuunyunyizia chumvi kwa ukarimu ambao sikuwahi kuuona mkononi mwake. Bagia nazo akazitia chumvi ya kutosha. "Chumvi ikitangulia, sukari kidogo hujiona nyingi." Halafu akachukua vijiko viwili tu vya sukari, akavimimina kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Nilichungulia. Chembe zilianza kuloa pembeni, zikayeyuka, zikageuka rangi ya asali, kisha kahawia, na harufu ikapanda ikajaza uani ikapita hadi sebuleni, ambako wageni walikuwa wameanza kuvua viatu. Hapo ndipo akatia maji, tangawizi iliyopondwa, karafuu, na majani ya chai ya Usambara, ambayo Mungu bariki hayakuwa ya foleni. Vijiko vilivyobaki alivimalizia mwishoni, kimojakimoja, akionja kwa ncha ya ulimi. Kikombe alichochagua kilikuwa kile kidogo cha kahawa. Bakuli la sukari halikuguswa kabatini. "Mtu wa shamba ukimwekea bakuli mbele, anatia mpaka kijiko kinasimama chenyewe."

Nikabeba sinia. Walikula muhogo, wakala bagia, wakanywa maji, wakanywa chai. Mazungumzo yakaenda vizuri, mjomba akiwa msemaji wetu. Mwishoni mshenga mkubwa, mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi inang'aa, akainua kikombe chake na kusema kwa sauti ya kusikika nyuma ya pazia:

"Bi mkubwa, tangawizi nimeiona, karafuu nimeiona. Sukari naona imepotea njia."

Mjomba akainamisha kichwa. Pazia likatikisika kidogo.

"Sukari iko Kilombero, baba," Bibi akajibu. "Sisi huku tuna milima ya chai. Mkitaka tamu, binti tunaye."

Yule mama mwenye mwili alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Posa ikapita.

Siku ya kupanga mahari ndipo Bibi alipolipiza. Mahari yenyewe ilikuwa ya dada, kilemba kikaenda kwa mjomba, mkaja kwa mama. Alipoulizwa yeye anataka nini, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, akasema sukari, kilo kumi.

"Bi mkubwa, unataka tufungwe?" mshenga akauliza, na hakuwa anatania. Wakavutana hadi wakakubaliana kilo tano.

Waliileta wiki ya harusi. Ilikuwa chini kabisa ya kapu, juu yake tambuu, juu ya tambuu doti za kanga, na yule mama mwenye mwili amekaa pembeni yake kwenye basi njia nzima. Stendi ya Tanga mgambo alimuuliza amebeba nini. "Nguo za bibi harusi. Unataka kuzipekua, mwanangu?" Mgambo akaona haya, akamwacha apite.

Bibi alifungia mlango wa stoo, akaipima kwa kikombe chake mwenyewe huku mimi nikimshikia kibatari. Alipima yote, akarudia, akavipangusa viganja ndani ya kopo ili punje zilizonasa zisipotee. Zilikuwa kilo tatu na ushei.

"Nao wanabana," akasema, na tangu siku ile hakumsema vibaya mkwe wetu hata mara moja.