Bodi ya picha ya papa, tulivyoitengeneza wenyewe

Watu wa kanisani wananiuliza sana hii bodi ya picha anayotembea nayo papa (baba yangu), anayogonga kwa kidole badala ya kuongea, nimeitoa wapi, acha nieleze mara moja. Sisi ni watu wa Uvira tuliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi, sasa tuko Melbourne, kwa hiyo Kiswahili cha nyumbani ni nusu Kongo nusu Kigoma. Papa alipata stroki upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakakata, wanaita afasia. Akili iko palepale, anakujua, na deni lako analikumbuka (muulize shemeji), ila neno halitoki au linatoka lingine, anataka kijiko anasema "mlango" halafu anajishangaa mwenyewe.

Hospitalini kilichonichosha ni mkalimani wa simu. Mtu mzuri tu, lakini kila papa akibabaika yeye anayanyoosha maneno yake. Papa kasema "mimi... mimi... jana... ng'ombe", mkalimani anapeleka kwa Kiingereza eti jana hakulala vizuri! Na spichi therapisti (mtaalamu wa matatizo ya kuongea) anaandika kwamba mzee anaunga sentensi. Ikabidi niingilie, hapana, hajasema hivyo. Kumbe yule therapisti alikuwa anataka makosa yenyewe kama yalivyo, ndiyo yanamwonyesha wapi pamekatika. Tangu siku ile kabla ya kuanza tunamwambia mkalimani usirekebishe, sema alichosema hata kama ni ng'ombe.

Halafu chakula. Wodini walikuwa na karatasi ya picha ili aonyeshe anachotaka: tosti, mtindi, supu. Papa akaiangalia akaisukuma, wakaandika amekataa kula. Amekataa nini sasa, sombe (kisamvu) ilikuwa wapi pale?

Aliporudi nyumbani nikaanza kutafuta msaada, nikakuta chama cha hao maspichi therapisti, Speech Pathology Australia, kipo tangu 1949, na wana sehemu ya kutafuta mtaalamu kwa eneo na kwa lugha. Wa Kiswahili karibu yetu sikumpata, nikapata mmoja aliyezoea wakalimani, anatosha. Huyo ndiye alinifungua macho kwamba siyo papa peke yake wa kufanya mazoezi, sisi na duka na famasi pia tujiandae, kama wanavyoweka njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu. Huku Victoria kuna hadi alama ya sehemu zilizojiandaa hivyo, ilianzishwa na shirika la Scope mwaka 2011, na wanaokagua sehemu kabla ya kupewa alama wamo watu wenyewe wenye shida ya kuongea. Hiyo niliipenda sana.

Basi bodi tukaifanya wikendi mbili. Picha zote za simu, vitu vyake mwenyewe: sombe, ndagaa, blanketi lake, goti linalouma, pasta wetu. Mama akagombana na mimi kwamba iandikwe bugali siyo ugali, akashinda. Chini ya kila picha tukaweka na Kiingereza kwa ajili ya wahudumu. Ndiyo na hapana anazichanganya mdomoni, kwa hiyo tukaweka dole gumba juu na dole gumba chini. Na juu kabisa, herufi kubwa: NAELEWA. NIPE MUDA. ONGEA NA MIMI, SIYO NA BINTI YANGU.

Siku ya kwanza famasi mhudumu akaniuliza mimi dawa za mzee, papa akagonga ule mstari wa juu mara tatu kwa kidole cha kushoto, yule dada akacheka kwa aibu akamgeukia yeye.

Kosa letu lilikuwa moja. Kila jioni papa alikuwa anagonga pembeni ya bodi, kwenye nafasi tupu, anakasirika, sisi tunadhani mkono unateleza. Therapisti akaniambia mna kisanduku cha "haipo hapa"? Hatukuwa nacho. Nikakichora siku hiyohiyo kwa maka peni, na papa akakigonga kabla wino haujakauka, halafu akanyoosha kidole dirishani. Alikuwa anataka kukaa nje.