Hivi sanduku la maoni lishawahi kubadilisha nini?

Mimi na sanduku la maoni hatuelewani. Ukiuliza hospitali wagonjwa wanashirikishwaje unaoneshwa kiboksi ukutani kina kufuli, ufunguo anao nani haijulikani, na hata kikifunguliwa karatasi zinasomwa na walewale kwenye kikao chao, aliyeandika hayupo wa kuulizwa hapa ulikuwa unasemea nini. Halafu Azimio la Alma-Ata, lile la mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi, lilishasema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Hiyo ni 1978 jamani.

Kisa ninachokipenda ni cha hospitali ya Ryhov, Jönköping, Uswidi. Mwaka 2005 mgonjwa wa figo, Christian Farman, alimuuliza nesi kama anaweza kuendesha mwenyewe mashine ya kusafisha damu. Nesi angeweza kusema utaratibu hauruhusu, ikaisha hapo, lakini akakubali kumfundisha, na jamaa alipoweza na yeye akamwelekeza mgonjwa mwingine, mambo yakaenda hivyo hadi hospitali ikapanga upya kitengo kizima ili wagonjwa wajihudumie. Yaani kilichobadilika sio mgonjwa tu, hata kazi ya nesi ilibadilika, badala ya kufanya kila kitu akawa anafundisha na kusimamia. Hilo huwezi kulipata kwenye fomu ya "umeridhika kwa kiasi gani".

Uingereza nako, hospitali ya Luton and Dunstable, walichukua wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo wakawarekodi video wakisimulia walivyohudumiwa, wafanyakazi nao wakahojiwa kivyao, halafu wote wakakaa pamoja kuchagua kipi kirekebishwe na wakakirekebisha pamoja. Ukifikiria ina mantiki sana, maana mapokezi anajua mapokezi, maabara wanajua maabara, daktari anajua chumba chake, anayepita kote huko hadi dirisha la dawa ni mgonjwa peke yake (na ndugu aliyemsindikiza, huyu naye huwa anasahaulika).

Ila tusidanganyane, kuna ushirikishwaji wa kupigia picha. Mmarekani Sherry Arnstein mwaka 1969 alichora ngazi ya vipandio 8 kuhusu ushiriki wa wananchi, hakuwa anazungumzia hospitali lakini inaingia kabisa, kuomba maoni ni kipandio cha 4 kutoka chini, na kuwaweka watu wachache wa kuchaguliwa kwenye kamati bila nguvu ya kuamua ni cha 5 tu, ubia wenyewe unaanzia cha 6. Kwahiyo yule mgonjwa mmoja mpole anayeitwa kwenye bodi akae katikati ya madaktari saba wanaoongea lugha yao, mnategemea aseme nini?

Waiteni wagonjwa wawili watatu, na wale wakali wanaolalamikaga muwaite pia. Nauli walipiwe, kikao kisiwekwe saa ambazo watu wako makazini, ajenda waipate mapema. Na uamuzi ukishatoka warudishiwe majibu, hiki tumefanya, hiki kimeshindikana kwa sababu hii, maana mtu akitoa mawazo yake miezi ikapita bila kusikia chochote harudi tena, halafu ripoti ya mwaka inaandika mwitikio wa wagonjwa ulikuwa mdogo.