Mtungi wa mama kabla ya masika

Leo kutwa nimeshinda juu na fundi wa makuti, tumetoa mabovu yote ya upande wa kusini manake huko ndiko kusi ipigako, na masika hayo yaja, wiki mbili tatu mvua itakuwa ishaingia. Makuti ukiyashika yavunjikavunjika mkononi, wallahi nlishtuka, mwaka jana hayakuwa vile. Fundi amesema kesho amaliza inshallah.

Paa litaisha. Barabara ndo yaninyima usingizi.

Mwakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya? Watu wa hali ya hewa wakatuonya upepo na mawimbi, huku Lamu tukafunga madirisha tukakaa kungoja. Kikaja kikafifia kule Mafia, Tanzania, tarehe 4, sisi alhamdulillah hatukuguswa. Tuko karibu mno na ikweta, vimbunga vikubwa kama Idai, kile kilichoipiga Beira 2019, huku kwetu ni nadra. Lakini Novemba 2023 hakukuwa na kimbunga chochote, ni mvua za El Nino tu, mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen ikakatika pale Gamba mabasi yakasimama, na kisiwa hiki mzigo mwingi wapitia hapo, halafu Mokowe, halafu boti, halafu punda mpaka mlangoni kwako.

Vitunguu kukosekana nlivumilia. Mama yuko kwa insulini, dawa ya kisukari. Nikaenda duka la dawa nikaambiwa mzigo haujafika, nikarudi na mfuko mtupu, kwenye chupa zimebaki sindano za siku nne na mama yuwaniuliza umepata mwanangu, sikujua nimjibu nini. Ilipatikana siku ya tatu. Zile siku mbili sizisahau.

Basi tangu hapo mchele, unga, maharagwe, mafuta ya taa na majerikeni ya maji naweka kama kila mtu, ila cha kwanza kabisa ni insulini ya mwezi mzima wa ziada, na mahali pa baridi pa kuiweka stima ikipotea. Nimechukua mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati nimejaza mchanga nikaurowesha, juu kitambaa kibichi. Chupa naitia kwanza kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko ili isipate maji. Mchanga warowesha asubuhi na jioni, usiuache ukauke, ukikauka baridi imekwisha.

Juzi saa saba mchana, jua kali, nikamwita mama atie mkono. Akautia akanyamaza, halafu akasema, baridi kama maji ya kisima cha Shela. Kisha akanambia jikoni sipo, niuweke chini ya ngazi za darini pale upepo wapita. Na ni kweli, upepo ndo wautia baridi. Nimeuhamisha leo magharibi, mama akanishikia taa.