Manzuki (eneo la kufugia nyuki) ya marafiki, Sikonge: msimu wa Septemba hadi Agosti

Mwaka wa mfugaji nyuki wa Tabora hauanzi Januari. Unaanza pale mitundu, miti ya miombo, inapochanua kabla ya mvua na makundi ya nyuki yanapoanza kugawanyika. Ndiyo maana kumbukumbu hii inafungwa Agosti: mizinga 20 imetundikwa, 13 ina nyuki, na kikundi bado kinasalimiana. Hilo la mwisho si dogo. Vikundi vya asali huvunjika siku ya kugawana ndoo.

Mizinga ni ya viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega. Urefu wa ndani ni sm 90, viunzi 28, na kuta zimelala ili nyuki wasigandishe sega ukutani. Kipimo kisicho na msamaha ni upana wa kiunzi: mm 32. Nyuki wetu huachanisha masega kiasi hicho, kati kwa kati. Wale wa Ulaya hutaka karibu mm 35. Awamu ya kwanza ya viunzi ilitoka kwa fundi ikiwa mchanganyiko, vingine 32, vingine 36. Ukifungua mzinga wa namna hiyo nyuki wakishajenga, unakuta sega limeanzia kiunzi cha tatu likaishia cha tano. Ukiinua kimoja unapasua mawili, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki), nyuki wanapanda glovu kwa hasira, na malkia anaweza kupondwa hapo hapo. Kinga yake ni rahisi: kata kipande cha chuma chenye upana wa mm 32, kilinganishe na kila kiunzi kabla hujalipa. Halafu katikati ya kiunzi, upande wa chini, paka mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa. Nyuki wataufuata. Ukipaka kiunzi kizima hawana cha kufuata, watajenga watakavyo.

Mizinga saba iliyobaki tupu haina siri. Ilitundikwa Desemba, makundi yakiwa yameshapata makazi. Mzinga wa chambo uwe juu ya mti, meta tatu au nne, mwishoni mwa Agosti. Ndani papakwe nta na mchaichai uliopondwa; harufu yake inakaribiana na ile nyuki wanayoitoa kuitana. Kundi likishaingia na kujenga masega machache, mzinga hushushwa usiku, matundu yakiwa yamezibwa, ukatundikwe manzukini kwa waya, usawa wa kiuno.

Masika ni miezi ya wadudu. Siafu wakipata njia, kundi zima linahama kwa usiku mmoja. Waya upakwe grisi, tena irudiwe kila mvua kubwa ikishapita, na majani yafyekwe chini ya mzinga, kwa sababu unyasi mmoja unaogusa sakafu ya mzinga ni daraja tosha. Nondo ni habari nyingine: hawaui kundi lenye nguvu, wanakula masega ambayo nyuki hawawezi kuyafunika. Ukiona utando kama wa buibui kwenye sega tupu, litoe uliyeyushe nta siku hiyo hiyo.

Muba, mti mwingine wa miombo, ndio uliotupa asali. Kurina kulianza Mei, jioni jua likizama, watu wawili kwa mzinga: mmoja na bomba la moshi, mmoja na kisu na ndoo. Hakuna anayekwenda peke yake, hata mzoefu. Mtu akivimba uso au kukosa pumzi baada ya kuumwa, kazi inasimama na anakimbizwa kituo cha afya. Moshi uwe wa magunzi au samadi kavu ya ng'ombe. Matambara yenye oili huacha harufu kwenye asali, na mnunuzi anaisikia akifungua tu kifuniko.

Sega la kukata ni lile ambalo robo tatu yake au zaidi imefungwa kwa nta. Asali isiyofungwa ina maji mengi. Ukiichanganya na iliyoiva, ndoo nzima itaumuka na kutoa povu. Sega lishikwe wima kama lilivyoning'inia, maana ukililaza likiwa na joto linakatika. Masega ya majana hayaguswi, na pembeni yake yaachwe masega kadhaa ya asali ya akiba. Kundi lililopokonywa kila kitu halikungojei msimu ujao.

Kukamua ni kukatakata masega, kuyaacha yachuje kwenye kitambaa safi, ndoo ya plastiki ya chakula chini yake, kifuniko juu. Asali ina asidi, ndoo ya bati inapata kutu. Ikiganda, si kwamba imetiwa sukari: ikalishe kwenye maji ya vuguvugu, isichemshwe.

Sasa mgawanyo, ambapo kelele huanzia. Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba karibu kilo 28 za asali. Anayehesabu kwa lita na anayehesabu kwa kilo wanaweza kuangalia ndoo ile ile na kila mmoja akaona ameibiwa. Kwetu kila kitu ni kilo. Kila mzinga una namba ya rangi, asali inapimwa ikiwa bado kwenye sega, kisha ikishachujwa, mbele ya watu watatu, na daftari linasainiwa pale pale. Aliyekosa zamu ya kufyeka au kupaka grisi hukatwa kilo zilizokubaliwa Septemba, si zinazobuniwa Juni watu wakiwa wameshakasirika. Mwenye shamba jirani anapata chupa yake kabla ya mwanachama yeyote; mbuzi wake hulisha upande ule, na yeye ndiye huona moto wa kwanza kiangazi.

Kazi za wiki hizi: kinga moto ya upana wa meta tatu kuzunguka manzuki, mabeseni ya maji yenye vijiti vya nyuki kutua, na ile mizinga saba irudi juu ya miti kabla mitundu haijafungua maua.