Umefukuzwa kazi Lubumbashi? Usikae kimya, mwaka ukipita hela yako inapotea

Watanzania wenzangu wa hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), na nyie mnaojiandaa kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kuja kutafuta maisha, hili nimelibeba moyoni muda mrefu, leo acha niliseme. Tunadhulumiwa sana makazini huku na tunanyamaza. Mtu anatumika miaka, siku patro (bosi) akimchoka anaambiwa kesho usije, basi anakunja godoro lake anapanda basi anarudi Tunduma, hela za likizo, za notisi, mishahara ya nyuma, zote kaziacha hapa. Ukimuuliza kwa nini hukudai anakwambia mi mgeni bwana, ntamshtaki nani.

Sasa nani kasema mgeni hana haki? Sheria ya kazi ya Kongo, Code du Travail, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 (mwaka 2016 waliirekebisha sehemu kadhaa), kifungu cha kwanza kabisa kinasema inamhusu kila mfanyakazi na kila mwajiri bila kujali uraia wala mshahara ni kiasi gani, na hata kama kontrati (mkataba) mlisainiana Dar au Nairobi, mradi kazi yenyewe inafanyika ndani ya Kongo. Yani hata kabla hawajaeleza mambo ya mishahara walishakutaja wewe. Inaniuma nikiona mtu mzima na familia yake anaondoka mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia hilo.

Kuna mzee mmoja, fundi wa injini za malori, mtu wa Mbeya, jina naliweka pembeni. Kapiga kazi gereji moja hapa mjini miaka sita. Kontrati hana, alianza kwa maneno tu kama wengi wetu. Siku moja patro anamuita ofisini, anampa karatasi ya Kifaransa, anamwambia mzee saini hapa uchukue hela yako ya mwezi, kazi imepungua. Mzee akasema ngoja nikaisome nyumbani. Hakuwa anajua Kifaransa cha kusoma ila akili yake ilimwambia subiri. Jioni pale Bel Air anapokaa kuna binti wa jirani anasoma chuo kikuu, UNILU, akampa ile karatasi. Mi nilikuwepo. Binti kaisoma mara ya kwanza kimya, kaisoma tena, alafu akasema "Papa, hapa banaandika asema weye mwenyewe njo unaacha kazi."

Ilikuwa barua ya kujiuzulu! Imeshachapwa, jina lake, tarehe, bado saini tu. Angeisaini wangesema kaondoka kwa hiari yake na madai ya notisi na fidia ya kufukuzwa yangekufa hapo hapo. Ndugu zangu karatasi ya Kifaransa usiyoielewa usiisaini, hata patro akikasirika, hata akishika hela mkononi anakuonyesha. Mwambie naomba niende nayo. Na kama ni lazima usaini kwamba umepokea hela, andika kiasi ulichopokea na tarehe, na uandike kwa mkono wako kwamba madai mengine bado unayo.

Kesho yake patro akamwambia basi ondoka, bila barua. Na hilo nalo ni kosa, maana sheria inataka kufukuza kuwe kwa maandishi na barua itaje sababu, na sababu iwe ya maana, siyo "nimekuchoka". Kama huna kosa kubwa kuna na notisi, huku wanaita preavi, siku 14 za kazi, alafu zinaongezeka siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima uliotumika. Piga hesabu ya huyu mzee, miaka sita ni siku 42, jumlisha 14 unapata siku 56 za kazi. Patro hataki uzifanye? Sawa, azilipe. Na likizo ni angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi uliotumika, mzee hakuwahi kupewa hata wiki.

Tukamwambia mzee twende Inspection du Travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi. Hapa ndo watu wengi wanakosea njia, wanakimbilia polisi, au kwa mtu fulani anayejuana na mkubwa fulani, wanalipa hela hazirudi. Ugomvi wa kazi huku unaanza kwa inspekta wa kazi, na huwezi kuruka, tribinali ya kazi (mahakama ya kazi) haikupokei kama hujapita kwanza kwa inspekta mkajaribu kupatana. Unapeleka malalamiko yako, anamuita mwajiri, mnakaa meza moja. Mkielewana anaandika prose, yani karatasi rasmi ya kikao, yenye makubaliano mnasaini wote, msipoelewana anaandika kwamba mmeshindwana, na hiyo karatasi ndo inakufungulia mlango wa tribinali. Kwa hiyo hata ukiona patro kakaza shingo usiondoke bila hiyo prose.

Siku ya kikao patro hakuja mwenyewe, katuma mtu wake wa ofisini kavaa suti, anaongea Kifaransa haraka haraka. Akasema huyu siyo mfanyakazi wetu, ni jurnalie, kibarua wa siku, anakuja tukimuhitaji. Mzee wa watu hakusema kitu, akafungua mfuko wa Rambo alioubeba. Humo ndani kulikuwa na bahasha za kaki, zile za mshahara, patro alikuwa anaandika kwa biki nyekundu jina, mwezi na dola ngapi, na mzee hakutupa hata moja, kazifunga na raba mwezi kwa mwezi. Na kwenye simu kulikuwa na sauti za WhatsApp, patro mwenyewe anamwambia kesho uje saa kumi na mbili kuna lori linaenda Kolwezi. Inspekta akazipanga zile bahasha mezani moja moja, akamuuliza yule wa suti kwa Kiswahili, "Kibarua ya siku moja njo munalipa kila mwezi, miaka sita?"

Jamaa kimya.

Na hapa vibarua nisikilizeni, wa gereji, wa depo, wa maghala, na nyie mnaochukuliwa na kampuni ndogo ndogo kupelekwa migodini. Sheria inasema kibarua wa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, alafu akachukuliwa tena kabla hiyo miezi miwili haijaisha, anahesabika ana kontrati isiyo na mwisho. Na kukosa kontrati ya maandishi hakukuui wewe, mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kwa njia yoyote, na ikikosekana karatasi inachukuliwa ni kontrati isiyo na mwisho mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo tunza kila kitu, bahasha, meseji, picha ya daftari la getini lenye jina lako, bedji, namba za wenzako mliotumika wote. Vitume kwa mtu nyumbani pia, simu huibiwa.

Mzee walimlipa mara mbili, nusu siku ile ile na nusu mwezi uliofuata, preavi, likizo na mshahara uliobaki. Kama angeenda mpaka tribinali na ikaonekana kafukuzwa bila sababu ya maana, sheria inasema arudishwe kazini au alipwe fidia ambayo haizidi mishahara ya miezi 36. Yeye alichagua kumaliza pale, ana watoto shule Mbeya na kesi inakula muda, mimi naona alifanya vizuri.

Sasa la muda, na hili ndo limenifanya niandike. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja kuanzia siku mshahara ulipotakiwa kulipwa, madai mengine mengi ya kontrati ni miaka mitatu. Maana yake ukiwa unadai mishahara ya nyuma na umekaa unasubiri patro "atanifikiria", kila mwezi unaopita kuna mwezi wa zamani unakatika. Ukishaupeleka mbele ya inspekta, huo muda unakatizwa. Nenda mapema hata kama bado mnaongea vizuri.

Najua kinachowafunga wengi mdomo ni karatasi. Mgeni anatakiwa awe na karata ya kazi (kibali), inayopitia ile tume ya ajira ya wageni ya wizara ya kazi, pamoja na viza ya kazi ya DGM, watu wa uhamiaji. Wengi hatuna au imeisha, na mapatro wanajua, ndo fimbo yao, "ukinisumbua naita DGM". Lakini aliyekuajiri bila karata na yeye kavunja sheria, na hilo hapendi lifike kwa inspekta. Sisemi uende kichwa kichwa, muone kwanza mtu anayejua. Huna hela ya avoka (wakili)? Sheria ya mawakili ya 1979 inataka kila baro (chama cha mawakili) iwe na biro ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, ulizia baro ya Haut-Katanga. Au nenda kwa sendika (chama cha wafanyakazi), UNTC, CDT na CSC zote zinajulikana, mjumbe wao anaweza kukaa na wewe kwenye kikao na Kifaransa cha makaratasi wamekizoea.

Na angalia CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huku. Wanakukata asilimia 5 kila mwezi na mwajiri anatakiwa aongeze 13 zake, kuna wanaokatwa na majina yao hayajawahi kufika huko. Uliza namba yako sasa hivi ukiwa bado kazini.

Kwa madereva mnaoleta mizigo na kugeuza, kama umeajiriwa na kampuni ya Tanzania kwa kontrati ya Tanzania, kwa kawaida pa kuanzia ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, huko nyumbani. Kule muda ni mfupi sana, kuachishwa kazi isivyo haki una siku 30 tu za kupeleka fomu namba 1, madai mengine siku 60. Ukiachishwa ukiwa huku Lubumbashi usikae kusubiri lori jingine likupe lifti mwezi mzima, hesabu imeshaanza siku uliyoambiwa ushuke kwenye gari.